Anayeinama Mlangoni

Kama gazeti la wiki iliyopita aliliazima jirani na mpaka leo anakwambia bado analisoma, usigombane naye, nitakupa kwa mkato. Tuko kwenye ukumbi wa kampuni ya Duma, asubuhi ya uzinduzi, muziki unapigwa hadi vioo vinatetemeka. Kidole, mfanyakazi wa kampuni pinzani ya Pweza, amejichanganya na wageni na kushika kontrola, kifaa cha kuchezea gemu, mbele ya skrini kubwa. Mlinzi wa kwenye gemu amefika mlangoni. Kidole hajabonyeza chochote, lakini mlinzi ameinama.

Ameinama mara mbili.

Ndipo sauti ikamjia kutoka nyuma ya sikio: "Huyo ni wewe."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa geuka naye umwone aliyesema.

Alikuwa mkurugenzi wa Pweza, bosi wake mwenyewe, suti ya kijivu, tabasamu hadi masikioni. Mimi simwamini mtu anayetabasamu akiwa na hasira, na huyu hasira zilikuwa zimemjaa.

"Bosi, sijabonyeza kitu," Kidole akanong'ona.

"Nimeona. Ndiyo maana nakuuliza. Kama hujabonyeza, nani ameifundisha mashine ya Duma kuinama kama wewe?"

Kwa mgeni wa hadithi hii, biashara ya Pweza na Duma ni moja: gemu za kuchezwa kwa mbali. Mteja hanunui mashine. Analipia kila mwezi, gemu yenyewe inaendeshwa kwenye seva, kompyuta kubwa za kampuni, huko ziliko, na picha inamfikia nyumbani kwa intaneti, kwenye televisheni au simu yoyote aliyonayo. Adui wa biashara hii ni ucheleweshaji. Mteja akibonyeza kitufe halafu mtu wake akaruka wakati adui ameshampiga, kesho huyo mteja humwoni tena.

Pweza walipata dawa. Waliunda kitu wakakiita Mtabiri, kinachobahatisha mchezaji atabonyeza nini kabla amri yake haijafika kwenye seva. Ila mwanzoni hawakuwa na wateja wa kujifunzia, kwa hiyo Mtabiri akalelewa na mikono ya mtu mmoja. Mtu mwenyewe ndiye huyu dada, na ndiyo sababu kazini hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Sasa Kidole alikulia kwa shangazi yake, kwenye nyumba yenye mlango mfupi wa jikoni, na alirefuka mapema kuliko wenzake. Alijigonga kichwa hadi akili ikamkaa. Tangu hapo, akicheza gemu yoyote, akifika mlangoni anamwinamisha mtu wake bila kufikiri, hata kama mlango ni wa ikulu. Mtabiri naye akaiga. Wahandisi walipogundua walicheka hadi machozi, kisha wakaifunga tabia hiyo ili wateja wasiione. Nje ya chumba cha ndani cha Pweza, hakuna aliyepaswa kuijua.

Leo hii mlinzi wa Duma anainama mbele ya waandishi wa habari.

"Twende ofisini," akasema mkurugenzi, na tabasamu lake halikupungua hata kidogo.

Chumba cha mkutano kilikuwa kinanuka zulia jipya. Mwanasheria wa kampuni, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, alikuwa ameshaketi. Aliweka simu yake katikati ya meza, akabonyeza ianze kurekodi.

"Dada, tusizungushane. Uliwafundisha Duma?"

"Sikuwafundisha."

"Una ndugu yeyote pale?"

"Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni fundi wa nyaya tu."

"Ahaa," akasema mwanasheria, ile ahaa ya mtu aliyeokota alichokuwa anakitafuta.

Mkurugenzi akajiegemeza kitini. "Mtabiri wetu wa hapa ofisini anainama mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na wa Duma?"

"Mara mbili."

Wote watatu walijua maana yake, na sasa ujue na wewe. Dole gumba la kulia la Kidole lilibanwa na mlango wa teksi. Tangu siku hiyo linatetemeka, likibonyeza mara moja linabonyeza mara mbili. Wakati akijiuguza, kampuni ilimpelekea mashine nyumbani ili aendelee kumfundisha Mtabiri. Hilo somo la kuinama mara mbili lilibaki kwenye mashine ile peke yake. Iliporudishwa ilifungiwa stoo, wala haikuwahi kuunganishwa na za ofisini.

Kwa maneno mengine, kilichofika Duma hakikutoka ofisini. Kilitoka nyumbani kwake.

"Nani mwingine aliigusa ile mashine?" mwanasheria akauliza.

"Hakuna. Mimi peke yangu."

"Mumeo je?"

Kidole akacheka, kicheko cha kiburi kidogo. "Mume wangu? Yule hata chaneli ya taarifa ya habari mpaka nimtafutie mimi. Gemu na yeye wapi na wapi!"

Mwanasheria akaisogeza simu karibu na mdomo wake. "Rudia, tafadhali. Kwa sauti."

Akarudia. Alisema nyumbani kwake hakuna mwingine aliyeigusa mashine. Alisema kwa kujiamini, na mimi nilipokuwa naandika hapa nilitamani nimzibe mdomo.

"Vizuri," akasema mkurugenzi. "Mchana huu tunapeleka ombi mahakamani Duma wafungiwe huduma yao. Jaji atataka kujua mwizi ni nani. Nipe mwizi kabla jua halijazama. Usiponipa, mwizi ni wewe. Kazi imekwisha, na polisi juu yake."

"Bosi, mimi nimemlea Mtabiri kama mwanangu!"

"Ndiyo maana roho inaniuma. Nikikumbuka ulivyoitunza ile mashine, umeiweka pale juu ya friji bovu na kitambaa chake cha maua, safi kabisa..." Akatikisa kichwa. "Nenda, Kidole. Kafikiri."

Kidole akatoka. Alishuka ngazi hadi nusu, mguu ukagoma kushuka tena.

Friji bovu. Kitambaa cha maua.

Mkurugenzi hajawahi kufika nyumbani kwake. Hakuja hata siku moja kumpa pole ya kidole, na jambo hilo lilimkera wakati ule. Sasa ameyajuaje ya kitambaa?

Alimpigia shemeji yake simu. Shemeji akapokea, akasema, "Njoo geti la nyuma, usiniite kwa sauti," akakata.

Nyuma ya jengo la Duma, kando ya jenereta, shemeji alikuwa anamsubiri. Ni mwembamba, mcheshi, mtu wa kucheka hata msibani. Leo hakuwa anacheka. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, ndipo akamsogelea.

"Shemeji, hukupaswa kuja huku."

"Nijibu moja tu. Uliiba kwenye mashine yangu?"

"Mimi?" Shemeji akarudi nyuma. "Mimi nilidhani ni ninyi!"

"Sisi akina nani?"

"Wewe na kaka! Nilidhani mmeuza, mkala njama huko ndani, mimi mkaniacha nionekane fala wa ukoo. Kila Jumapili nakuja kwenu nakula, nawaangalia usoni, najiuliza: hawa watu wana macho makavu kiasi gani?"

"Umejuaje kwamba kilitoka kwetu?"

"Huku kilikuja kupitia dalali. Aliwaambia wakubwa zetu kwamba ni kazi ya wahandisi walioacha kazi nchi nyingine. Wakubwa wakapokea kwa mikono miwili. Walikuwa wamechoka kuachwa nyuma na Pweza, nani atauliza maswali? Mimi niliitwa kuvuta nyaya tu, nikaona skrini ya majaribio." Akatoa simu. "Nilirekodi kwa siri. Tazama mwenyewe, mimi sitasema kitu."

Kidole akatazama. Mlinzi alifika mlangoni, akainama mara mbili, akaingia. Hapo hakuna jipya. Lakini baada ya kuingia alisimama, akageuka, akarudi kuusukuma mlango kuona kama umefungika. Akaondoka. Halafu akarudi tena, akausukuma tena.

"Hiyo ya kurudi siyo yangu," Kidole akasema.

"Najua siyo yako."

"Labda ni hitilafu."

"Shemeji," akasema yule mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya huruma sasa, "katika maisha yako unamfahamu nani anayefunga mlango, akarudi kuhakikisha, halafu akarudi kuhakikisha kama alihakikisha?"

Kidole akashika ukuta wa jenereta. Ulikuwa wa moto, hakuhisi. Alimfahamu mtu huyo. Analala naye kitanda kimoja. Mtu huyo aliwahi kuigeuza teksi nusu ya safari, watoto wanalia nyuma, ili akasukume mlango wa mbele ambao ulikuwa umefungwa barabara. Ukoo mzima unamtania kwa hilo, na yeye hucheka nao.

"Twende nyumbani," akasema. "Twende wote wawili."

Nyumbani, mume wa Kidole, fundi wa friji, alikuwa ametandika magazeti juu ya meza na kuweka mota iliyofunguliwa tumbo. Alipomwona mkewe na mdogo wake wakiingia pamoja mchana wa kazi, akaweka bisibisi chini.

"Kuna msiba?"

"Baba watoto," akasema Kidole, "ulicheza kwenye ile mashine?"

"Mashine gani?"

"Unaniuliza mashine gani?"

Mume akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama sakafu. Kama umewahi kumuuliza mwenzako swali huku ukiomba akanushe, unajua Kidole alivyojisikia. Alikuwa radhi adanganywe. Kama angeambiwa hapana kwa nguvu, angeamini na kushukuru.

"Nilicheza," akasema mume.

Shemeji akajikalisha juu ya boksi la vifaa.

"Siku zile kidole chako kimefungwa bendeji," mume akaendelea, haraka haraka kama anayetapika. "Dawa zilikuwa zinakulaza mchana kutwa. Bosi wako alikuja hapa."

"Mkurugenzi alikuja hapa? Nimelala?"

"Alikuja na soda za watoto na maneno matamu. Alisema mashine ikikaa bila mkono, kampuni itamtafuta mtu mwingine wa kumfundisha Mtabiri, na wewe ndiyo basi tena. Alisema ana huruma na wewe. Nishike mimi kwa muda, nibonyeze-bonyeze tu, nisikwambie, maana ungekataa na kazi ingekupotea."

"Ukaamini."

"Mama watoto, ulikuwa unalia usingizini! Unasema 'nimekwisha, dole limekwisha'. Ningefanya nini?" Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nilicheza vibaya, wewe. Nilikuwa naangukia kwenye mashimo. Nilicheza nikijua nakulindia kazi yako, nikaona aibu kukwambia, mwisho nikaona yamepita."

Kidole alitaka kumpiga na kumkumbatia, na hakufanya hata moja. Shaka ikishaingia ndani ya nyumba haitoki kwa maelezo mazuri. Alimkagua mumewe usoni kama mtu anayekagua noti.

"Alifanya nini kingine?"

"Alichomeka kitu kidogo nyuma ya mashine. Akasema anasafisha. Siku ya mwisho akakichomoa."

"Na wewe hukuona ajabu? Mkurugenzi mzima anakuja kusafisha mashine kwa mkono wake?"

Mume akaokota bisibisi, akaiweka tena chini.

Shemeji akainua kichwa. "Subirini. Yaani bosi wako ameuza mali ya kampuni yake mwenyewe kwa wapinzani wake? Amerogwa?"

"Hakuuza," akasema Kidole. Alianza kutembea chumbani, kutoka mezani hadi dirishani. Mambo yalikuwa yanajipanga kichwani mwake, na kila lililojipanga lilimtia baridi. "Angetaka kuuza angechukua somo la ofisini. La ofisini ndilo zuri. Kwa nini achukue hili la nyumbani, lenye mkono unaotetemeka, linaloinama mara mbili?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu linaonekana. Alitaka lionekane! Amewatupia Duma chambo, na Duma wamemeza na ndoano. Wamejenga huduma nzima juu yake, wametangaza mji mzima, leo wamezindua. Na leo hiyohiyo yeye anakwenda mahakamani na ushahidi kwamba wameiba. Jaji akiwafungia, wateja wote waliokuwa wanakimbilia Duma watarudi kwa Pweza wakiwa wameinamisha vichwa."

"Sasa wewe unaingiaje hapo?"

"Wizi lazima uwe na mwizi." Akamtazama shemeji. "Na mwizi mzuri ni yule anayefanya kazi Duma, na kila Jumapili anakuja kula kwenye nyumba yenye mashine."

Shemeji akajigusa kifua.

Simu ya Kidole ikaita. Akaiona namba, akaiweka mezani kando ya mota, akabonyeza sauti isikike na wote.

"Kidole," akasema mkurugenzi, sauti laini kama ya mganga anayekuomba utulie. "Umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Mimi pia. Sitaki kukupoteza. Mwanasheria wangu yuko njiani kwenda kwa jaji, nipe jina la shemeji yako tu. Useme alikuwa anakuja kwako, alikuwa anaachwa peke yake na mashine. Wewe utabaki kazini, na nitakupandisha."

"Na kama siyo yeye?"

"Basi ni mumeo." Mkurugenzi alisema hivyo bila kupumua katikati. "Ile mashine ina kamera. Ninayo picha yake amekaa kwenye mkeka, ameshika kontrola, ulimi nje. Na wewe umerekodiwa leo ukisema hakuna mwingine aliyegusa. Jaji ataona mwongo na mwizi ndani ya nyumba moja."

"Wewe ndiye uliyemkalisha pale."

"Nani aliniona?" Akacheka kidogo. "Wewe ulikuwa umelala, Kidole. Mtu wa pekee anayeweza kusema nilikuja ni mume wako, na anaweza kusema tu kama mtu ameamua kumuuliza. Mimi sina haja ya kumuuliza. Nakushauri unipe shemeji. Ni mtu wa Duma, jaji ataelewa upesi, na nyumba yako itabaki na baba."

Shemeji alikuwa ameshika magoti kwa mikono miwili. Mume alikuwa anamtazama mdogo wake, yule aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hakusema "nichukue mimi". Tusimlaumu. Watu wengi hulisema neno hilo kwa kuwa wanajua hawatachukuliwa.

Kidole akawatazama wote wawili. Alimtazama mumewe muda mrefu zaidi.

"Kidole? Mwanasheria anasubiri jina."

"Shemeji muache," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mchukue mume wangu."

Mota iliserereka juu ya magazeti, mume akaidaka bila kuiangalia.

Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, mkurugenzi wa Pweza alikuwa amepewa jibu asilolitaka: mume akiulizwa mahakamani, atamtaja yeye.

"Umesema nani?"

"Mume wangu. Wape polisi jina lake. Apelekwe mbele ya jaji leo hiihii, aulizwe maswali yote."

"Usinichezee akili, mwanamke."

"Umeomba mwizi, nimekupa mwizi. Au humtaki huyu?"

Kisha sauti laini ikarudi, lakini ulaini wake ulikuwa umeingia mikwaruzo. "Namtaka," akasema mkurugenzi. "Ila kwa jaji atafika baadaye sana. Kwanza kuna mahali watu wangu watampitisha. Fungua mlango, wameshafika."

Mlango ukagongwa, si kwa ustaarabu.

Shemeji akasimama, akakimbilia dirishani, akachungulia. "Shemeji," akasema, "hawa siyo polisi."

Mume alikuwa bado amekumbatia ile mota. Alimtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Umeniuza?" akauliza.

Mlango ukagongwa tena, bawaba zikalia, na Kidole hakuwa na nafasi ya kumjibu.